"Luku imeisha": kisa cha mtoto mwenye usonji anayerudia maneno

Saa moja na nusu usiku. Taa zinawaka, feni inazunguka, na mtoto wa miaka mitano amesimama katikati ya sebule akipiga kelele: "Luku imeisha! Luku imeisha!" Yaani umeme wa kulipia kabla umekwisha. Bibi yake anamwonyesha taa. "Mume wangu, umeme huu hapa, mbona unatudanganya?" Mtoto anarudia kwa sauti ya juu zaidi, kisha anaanza kujipiga kichwani. Katika zogo lile hakuna anayekumbuka kwamba dakika moja tu iliyopita dada wa kazi alimwondolea beseni la maji alilokuwa akichezea, akaenda kulimwaga uani.

Usimtafute mtoto huyu mtaani. Kisa kimeunganishwa kutokana na mambo yanayowakuta wazazi wengi wa watoto wenye usonji (autism), hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano, kikawekwa katika nyumba moja ya Dar es Salaam ili kila hatua ionekane wazi: mtoto alisema nini, wakubwa walimjibu nini, na wapi walikosea.

Ana miaka 5 na miezi 2. Usonji ulithibitishwa alipokuwa na miaka 3 na miezi 8. Masikio yalipimwa, yako sawa, na kipimo hicho hakipaswi kurukwa hata kama mtoto anaonekana kusikia kila kitu, maana usikivu hafifu nao huharibu usemi kwa njia yake. Maneno anayo mengi, na anayatamka vizuri kuliko watoto wengi wa rika lake. Kinachowaumiza wazazi ni kwamba karibu yote ni ya watu wengine. Ukimuuliza "Unataka uji?" anakujibu "Unataka uji?" kwa lafudhi yako ileile, mpaka ule mkunjo wa sauti ya kuuliza. Saa nyingine, bila kuulizwa chochote, anatoa tangazo zima la redio, au wito wa konda: "Mbagala, Mbagala, siti zipo!"

Hali hii huitwa ekolalia, yaani mwangwi wa maneno. Unaotoka papo hapo ni mwangwi wa karibu. Unaotoka baada ya saa, siku au miezi ni mwangwi uliochelewa. Watoto wote hupitia kurudia maneno wanapojifunza kusema, na kwa wengi hupungua sana wakikaribia miaka mitatu. Kwa mtoto mwenye usonji huweza kuendelea miaka mingi, kwa sababu wengi wao hunasa lugha kwa kipande kizima: sentensi, sauti yake na tukio lililoambatana nayo vinaingia pamoja kama kifurushi kimoja ambacho bado hakijafunguliwa.

Familia ilikuwa imeambiwa na jamaa kwamba mtoto anaongea kama kasuku na asikubaliwe. Kwa hiyo kila aliporudia, alikatazwa. Ushauri huo ni wa zamani na una madhara. Mwaka 1981 watafiti Barry Prizant na Judith Duchan walichambua picha za video za watoto wanne wenye usonji na kuona kwamba mwangwi wa karibu ulikuwa na kazi saba tofauti, zikiwemo kukubali, kuomba, kushika zamu katika mazungumzo na kujielekeza. Mwaka 1984 Prizant na Patrick Rydell walichunguza mwangwi uliochelewa kwa watoto watatu, wakapata kazi 14. Watoto ni wachache, lakini kilichoonekana pale ndicho mzazi makini hukiona jikoni kwake. Kumnyamazisha mtoto wa namna hii ni kumnyang'anya chombo pekee alichonacho cha kusemea.

Daftari la wiki mbili

Hatua ya kwanza aliyochukua mama ilikuwa kuacha kusahihisha na kuanza kuandika. Daftari la kawaida la shule, kila ukurasa safu nne: alichosema na kwa sauti gani, kilichotokea dakika chache kabla, macho na mikono yake vilikuwa wapi, kilichofuata. Siku 14, na kila aliyekuwa nyumbani aliruhusiwa kuandika, dada wa kazi akiwa wa kwanza kwa sababu ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi zaidi. Safu ya sauti ndiyo inayosahaulika na ndiyo yenye siri. Mistari mitatu ya siku za mwanzo ilisomeka hivi:

"Jumamosi saa kumi jioni. Luku imeisha, sauti ya juu. Katuni imefika mwisho, majina yanapita. Anatazama kioo. Baba akaweka nyingine, akanyamaza."

"Jumapili saa tatu asubuhi. Luku imeisha, sauti ya juu. Mama ameshika mkoba. Anatazama mlango. Mama akatoka, akalia sana."

"Jumapili saa mbili usiku. Luku imeisha, sauti ya chini kama anajisemea. Amemaliza kupanga vizibo vya soda, anavirudisha koponi mwenyewe. Hakujibiwa. Akaenda kulala."

Chanzo alikikumbuka baba baada ya kusoma kurasa za wiki ya kwanza. Miezi kadhaa nyuma, yuniti zilikwisha usiku, katuni ikakatika katikati na nyumba ikawa giza. Mama alipaza sauti: "Luku imeisha!" Watu wakakimbia huku na huku, baba akanunua umeme kwa simu, akaingiza tarakimu 20 kwenye mita, taa zikarudi na katuni nayo ikarudi. Hapo ndipo kifurushi kilipofungwa. Ukikitazama vizuri, kina mambo mawili ndani: kitu nilichokipenda kimekatika, na wakubwa wakisikia maneno haya hukirudisha. Ndiyo maana jibu la bibi, "umeme huu hapa", halikumsaidia hata kidogo. Mtoto hakuwa akizungumzia umeme. Alikuwa akiomba beseni lake.

Leo Kanner, daktari wa Baltimore, Marekani, aliyeandika juu ya watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, alieleza miaka mitatu baadaye kisa kinachofanana na hiki. Mtoto mmoja alikuwa akitamka kipande cha wimbo wa watoto kila alipoona sufuria. Ilikuja kubainika kwamba mama yake aliangusha sufuria siku moja jikoni wakati akimsomea wimbo ule. Maana ya maneno ya mtoto ilikuwa kwenye kumbukumbu ya mama. Hilo linampa mzazi nafasi ambayo mtaalamu hana: wewe ulikuwepo kifurushi kilipofungwa, au unamjua aliyekuwepo.

Angalia pia mstari wa tatu wa daftari. Sauti ya chini ilikuwa na kazi nyingine. Pale mtoto hakuomba kitu. Alikuwa akijituliza kwa kujitangazia kwamba shughuli imefika mwisho. Maneno yaleyale, kazi mbili. Anayejibu zote mbili kwa namna moja atakosea nusu ya mara. Sauti ya juu inajibiwa mara moja. Sauti ya chini inaachwa ifanye kazi yake, au inaungwa mkono kwa upole: "Eeh, imeisha," basi.

Mwangwi wa karibu: ndiyo, au hajaelewa?

"Unataka uji?" "Unataka uji?" Familia ilichukulia kila mwangwi kuwa ndiyo, na mara nyingi uji uliishia sakafuni. Kuna njia mbili za kupima, na kila moja haichukui hata dakika tano.

Mpe kitu ambacho una hakika hakipendi. Kwa mtoto huyu ni bamia. Ukiuliza "Unataka bamia?" naye akarudia huku akisukuma sahani, umejua kwamba mwangwi peke yake si kukubali, mkono ndio unaosema. Akirudia "Unataka uji?" huku akiinamia kikombe na kunyoosha mkono, hapo ni ndiyo kamili.

Njia ya pili ni ya maswali ya kuchagua. Muulize "Uji au chai?" kisha baada ya muda "Chai au uji?" Mtoto huyu alijibu "chai" mara ya kwanza na "uji" mara ya pili. Alikuwa akishika neno la mwisho tu. Dawa yake ni kuacha swali kabisa: shika vikombe viwili mbele yake, kimoja kila mkono, kwa umbali ambao hawezi kuvinyakua vyote, funga mdomo, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kumi ni nyingi kuliko inavyosikika. Wakubwa wengi hujaza ukimya wakifika tatu au nne, na neno jipya wanaloongeza humfutia mtoto kazi aliyokuwa ameianza kichwani.

Kiambishi kimoja

Kiswahili kina mtego wake. Mtenda na mtendwa wamejificha ndani ya kitenzi, kwa hiyo mwangwi hubeba nafsi isiyo yake. Mtoto huyu akitaka kubebwa hunyanyua mikono na kusema "Nikubebe?" Ni swali la mama, limegeuka ombi lake. Akitaka maji anasema "Unataka maji." Hajachanganyikiwa kuhusu yeye ni nani. Ameyaokota maneno kama yalivyodondoka.

Familia ilifanya ambalo karibu kila familia hufanya: "Sema nibebe." Naye akajibu "Sema nibebe." Vivyo hivyo kwa mjomba, "Mwambie asante," naye "Mwambie asante." Kwa bibi ilikuwa chungu zaidi, kwa sababu mtoto asiyeamkia anaonekana amekosa malezi. "Sema shikamoo bibi," naye "Sema shikamoo bibi." Siku nyingine alimaliza salamu yote peke yake kwa pumzi moja, "Shikamoo-marahaba," akaendelea na vizibo vyake. Kwa mtoto anayeokota kipande kizima, "sema" ni sehemu ya kipande. Amri haiwezi kujitenga na neno linaloamriwa.

Kinachofanya kazi ni kuacha "sema" kabisa na kumpa neno likiwa tayari katika nafsi yake. Hapa wanahitajika watu wawili. Mtoto ananyanyua mikono mbele ya mama. Dada wa kazi amechutama nyuma yake, mdomo karibu na bega lake, anasema kwa niaba yake: "Nibebe!" Mama anambeba papo hapo. Hakuna kumngoja mtoto arudie. Baada ya siku kadhaa dada anatamka "Ni..." na kunyamaza. Baadaye hasemi kitu, mama ananyoosha mikono nusu na kungoja hesabu ya kumi. Mzazi aliye peke yake anaweza kufanya vivyo hivyo akikaa ubavuni mwa mtoto, wote wakitazama upande mmoja. Ukikaa uso kwa uso, "nataka" ya mfano itasikika kama yako wewe.

Salamu ilifuata njia hiyohiyo. Mama alipiga magoti kando ya mtoto, akasema yeye mwenyewe: "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba mume wangu," akamgusa kichwani, mambo yakaishia hapo. Ilichukua wiki. Bibi alipaswa kukubali, na hili lilihitaji mazungumzo ya kweli, kwamba mkono wa mtoto uliolazwa juu ya kiganja chake bila neno lolote nao ni salamu.

Pamoja na hayo, punguza maswali. Hesabu maswali unayomuuliza mtoto ndani ya dakika kumi za kucheza, utashtuka. "Hii nini? Rangi gani? Ng'ombe analiaje?" Kila swali ni mbegu ya mwangwi mwingine wa swali. Badala yake simulia kinachotokea kwa maneno mafupi ambayo mtoto angeweza kuyatumia yeye mwenyewe kesho: "Gari limekwama." "Nasukuma." "Maji ya baridi!" Tena yaseme kwa uchangamfu, kwa sababu kipande chenye hisia ndicho kinachonaswa. "Luku imeisha" ilinaswa kwa sababu ilipigiwa kelele.

Yaliyoharibika njiani

Wiki ya tatu mama, akiwa amefurahi kuijua maana ya "Luku imeisha", alianza kurudisha kila kitu kilichoombwa. Katuni ikawekwa tena, na tena, mpaka saa nne usiku. Kuelewa ombi na kulitimiza ni mambo mawili. Jibu lililokuja kufaa lilikuwa na sehemu tatu fupi: kwanza kumpa neno la kweli la ombi lake, "Nataka tena!"; kisha uamuzi, "Katuni imeisha leo"; kisha kitu cha kushika, kadi ndogo yenye picha ya kinachofuata, kitanda au sahani. Bado alilia siku za mwanzo. Kujipiga ndiko kulikopungua.

Baba naye alijaribu biskuti: ukijibu vizuri, unapata. Ndani ya siku mbili mtoto akaanza kusema "Vizuri sana, chukua biskuti" kwa kila aliyeingia mlangoni. Zawadi na sifa zake ziliingia kwenye kifurushi. Ikiwa ameomba maji, malipo yake ni maji.

Na ndugu zake wakubwa walikuwa wakimwita mbele ya wageni, "Fanya konda! Fanya konda!", watu wacheke. Hilo lilipigwa marufuku siku hiyohiyo, na inavyostahili. Mtoto aliyezoeshwa kwamba maneno yake ni kichekesho hana sababu ya kuyatumia kuomba msaada.

Shuleni

Mwalimu wa chekechea alikuwa amelalamika kwamba mtoto anamdhihaki. "Jina lako nani?" "Jina lako nani?" Darasa zima linacheka. Mama alimwandikia nusu ukurasa, mambo matatu tu: akirudia swali lako hakudharau; badala ya kumuuliza jina, anza wewe, "Jina langu ni...", kisha mngoje; ukimsikia akisema "Darasa, kaa chini" huku anakaa, usimkataze, anajiongoza. Barua fupi husomwa. Ripoti ya kurasa sita hubaki kwenye droo.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache katika Afrika Mashariki na wengi wako miji mikubwa, hivyo inafaa kujua kwamba Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye matatizo ya ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yakiendeshwa hata na watu wasio wataalamu bingwa. Uliza hospitali ya mkoa au kikundi cha wazazi kilicho karibu kama yameshafika kwenu. Kuhusu kozi za mtandaoni zinazouzwa kwa bei kubwa zikiahidi kupitisha mtoto ngazi moja baada ya nyingine kutoka kwenye mwangwi hadi lugha yake mwenyewe: wazo la vifurushi linasaidia, lakini ushahidi wa kupima mbinu hizo bado ni mdogo. Usiuze kitu cha nyumbani kuzilipia.

Pale mwangwi unapokuwa ni maumivu

Siku ya 19 tangu daftari lianze, mtoto aliamka akisema "Usilie, usilie, inaisha sasa hivi." Macho makavu, hana homa ya kushikika kwa mkono. Alisema hivyo mara nyingi kabla ya saa nne asubuhi. Mama alifungua daftari, akakumbuka ni maneno ya muuguzi wakati wa sindano. Kwa hiyo alimkagua kuanzia juu kwenda chini: masikio, mdomo na meno, koo, tumbo kwa kulibonyeza taratibu, ngozi, nyayo, kisha kipimajoto. Jino la nyuma lilikuwa limetoboka na fizi imevimba. Mtoto asiyejua kusema "naumwa" atakuletea maneno ya mara ya mwisho alipoumwa.

Mwangwi ukiongezeka ghafla, kagua mwili kwanza. Kisha angalia usingizi, kelele, wageni, kuhama nyumba, ratiba iliyobadilika kama ya mwezi wa Ramadhani. Mtoto akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, au akiwa na vipindi vya kukodoa macho bila kuitika, au degedege, hilo si jambo la daftari. Mpeleke hospitali.

"Imeisha" inapoachana na "Luku"

Wiki ya sita daftari, lililoendelea kuandikwa hata baada ya zile siku 14, lina mstari wa dada wa kazi, kwa mwandiko wa haraka: "Uji imeisha." Siku tatu baadaye: "Maji imeisha." Mwalimu wa sarufi angetia alama nyekundu, maana uji umeisha na maji yameisha. Lakini kosa lile ni habari njema kuliko sentensi zote sahihi alizowahi kutoa. "Umeisha" na "yameisha" angeweza kuwa ameziokota kwa mtu. "Maji imeisha" hakuna mtu mzima nyumbani anayesema hivyo. Ameitengeneza. Kifurushi kimefunguka, kipande kimoja kimetoka na kushonwa kwenye kingine.

Usimsahihishe. Mrudishie tu kwa umbo lake, "Eeh, maji yameisha," na ujaze jagi. Upatanisho wa ngeli utakuja baadaye, kama unavyokuja kwa watoto wote.

Mstari wa Ijumaa, saa mbili asubuhi, mama amevaa viatu na kushika mkoba: "Mama imeisha." Sauti ya juu, macho mlangoni. Alirudi, akachutama ubavuni mwake, wakiutazama mlango pamoja. "Mama anaondoka. Mama atarudi jioni." Akambandikia ukutani picha yake mwenyewe, na chini yake picha ya sahani ya chakula cha jioni. Kwenye safu ya nne dada ameandika: "Alilia kidogo. Saa sita akaigusa picha, akasema atarudi jioni, sauti ya chini."